Muulize Fundi: Printa inatema makaratasi yenyewe kila nikiwasha kompyuta

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi ni mwalimu, nakaa Ipuli hapa Tabora, nina kompyuta ya mezani ya Windows 10 na kaprinta kadogo ka leza, naprinti mitihani ya shule na mazoezi ya watoto wa tuisheni. Sasa kuna usiku umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuprinti mtihani wa Kidato cha Pili, na tangu hapo kila asubuhi nikiwasha kompyuta, hata sijagusa kitu, printa inaamka inaanza kutoa karatasi, na sio mtihani, ni vialama vya ajabu ajabu, mstari mmoja juu halafu karatasi nzima nyeupe, inayofuata hivyo hivyo, mpaka nichomoe waya. Rimu inaisha hivi hivi naiona. Fundi mmoja mjini kaniambia ni virusi nimpelekee apige Windows upya, mwingine kasema bodi ya printa imekufa ninunue nyingine. Nifanyeje, mitihani ya muhula hiyo inakuja?

JIBU: Nzuri mwalimu, na pole sana. Usinunue printa na usikubali kupigiwa Windows upya, angalau sio kabla hujafanya haya nitakayokwambia, maana dalili ulizotaja zinaonyesha kabisa tatizo lilipo na kulitoa hakuhitaji hata bisibisi.

Iko hivi. Ukibonyeza kuprinti, kompyuta haipeleki kazi kwenye printa moja kwa moja. Inaiandika kwanza kwenye diski, halafu kuna programu inaitwa Print Spooler inakaa huko nyuma, inachukua kazi moja moja kwa foleni na kuisukuma kwenye printa, ikimaliza inaifuta. Ule usiku umeme ulikata kabla haijamaliza, kwa hiyo mtihani wako umebaki kwenye diski kama kiporo. Na hiyo Spooler imewekwa ianze yenyewe kila Windows inapowaka, ndio maana hujagusa kitu lakini printa inaamka, imekuta kiporo na inakisukuma tena, wewe unachomoa waya kazi haijaisha, kesho yake tunarudi kule kule. Kadiri unavyochomoa ndivyo unavyoibakiza.

Na vile vialama navyo vina sababu yake. Kila kazi inayokwenda kwenye printa inaanza na maelekezo, kwamba hii ni lugha fulani, karatasi ni ya A4, hii ni picha haya ni maandishi. Yakipotea hayo ya mwanzo, printa inakuwa kama mtu aliyeingia kwenye mkutano wa kijiji katikati, anasikia maneno hajui ajenda ni ipi. Basi inachukulia kila kinachokuja ni herufi, inachapa, na ikikutana na alama ya kugeuza ukurasa inatema karatasi na kuvuta nyingine. Ndio huo mstari mmoja juu na weupe chini. Virusi hawahusiki kabisa hapo.

Kwanza tujiridhishe. Zima kompyuta, chomoa waya wa USB kwenye printa, washa printa peke yake. Ikitulia, printa yako nzima na mzigo uko kwenye kompyuta. Ikitoa vialama hata bila waya, na kama ni ya waifai hakikisha nayo umeizima, hapo nitakubaliana na yule wa pili kwamba printa yenyewe ina shida. Ila kuna printa zikiwashwa zinatoa ukurasa mmoja wa taarifa zake, wenye maneno yanayosomeka, huo ni setingi tu wala usikutishe.

Naamini itatulia. Sasa zima printa kwa kitufe chake halafu chomoa hadi ule waya wa ukutani, uache dakika moja hivi, kwa sababu printa nayo ina memori yake na vipande vya ule mtihani vinaweza kuwa vimeganda humo. Washa kompyuta printa ikiwa bado imechomolewa. Bonyeza kile kitufe cha kibodi chenye alama ya Windows pamoja na R, andika services.msc halafu Enter. Inafunguka orodha ndefu, shuka mpaka kwenye P utafute Print Spooler, bofya kulia uchague Stop. Usiifunge hiyo orodha, iache hapo. Fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ikikuuliza ruhusa mpe, na humo mwalimu utakuta mafaili yamekaa mawili mawili, moja linaishia SPL na pacha wake SHD. SPL ndio kazi yenyewe, SHD ni maelezo yake, nani kaituma na inakwenda printa gani. Futa yote yaliyomo, lakini folda yenyewe usiifute, na usiguse folda nyingine za jirani maana humo ndani kuna draiva, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Ikikataa kufuta ikasema faili linatumika, ujue Spooler haijasimama, rudi kwenye orodha uisimamishe. Ukishafuta rudi Print Spooler bofya Start, rudisha waya za printa, iwashe, uprinti karatasi moja ya majaribio.

Watu wengi wanajaribu kufuta kazi kwenye kile kidirisha cha foleni pale chini kulia, inaandika inafuta, inafuta, inakesha inafuta. Kwa kazi iliyoganda kile kidirisha hakina nguvu, ndio maana nakupeleka moja kwa moja kwenye diski.

Kama foleni imeshakuwa tupu na ukiprinti kitu kipya bado vinatoka vialama, soma mstari wa kwanza wa karatasi ya kwanza. Ukiona umeanza na %!PS ujue draiva iliyowekwa inatuma lugha ya PostScript kwenye printa isiyoijua. Hapo toa hiyo draiva uweke ya modeli yako hasa, kutoka tovuti ya mtengenezaji, sio ya modeli inayofanana jina. Na siku umeme ukikata tena katikati ya kazi, ukirudi usiwahi kuwasha printa. Washa kompyuta kwanza, safisha foleni, ndio uwashe printa.

SWALI: Fundi mambo, niko Mwanga, Kigoma, nina steshenari ndogo hapa barazani nyumbani. Nikifungua asubuhi laptopu inasema printa iko oflaini, nikichomoa USB nikachomeka tena inakubali. Halafu siku nyingine napiga print wala haiprinti, inaniuliza nisevu faili wapi! Na kwenye orodha naona printa mbili jina moja. Wateja wananikimbia.

JIBU: Poa dada. Hayo ni matatu, na yanachanganyana.

La printa mbili ndio chanzo mara nyingi. Ukichomeka waya kwenye tundu jingine la USB, Windows inaweza kudhani umeleta printa mpya, inaongeza nyingine yenye jina lile lile mwishoni imeandikwa Copy 1, na ile ya kwanza inabaki inasubiri waya kwenye tundu la zamani, ndio hiyo unayoiona oflaini. Chagua tundu moja la USB, weka hata kipande cha plasta upatambue, usilibadilishe tena. Kisha toa ile isiyofanya kazi kwenye orodha ya printa.

La kusevu faili ni kwamba Windows tangu toleo la mwishoni mwa 2015 ina setingi ya kujichagulia yenyewe printa kuu, inachukua ile uliyotumia mwisho. Jana jioni ukimtengenezea mteja PDF, leo printa yako kuu ni hiyo PDF, ndio maana inauliza isevu wapi. Ingia setingi za printa, ondoa tiki kwenye Let Windows manage my default printer, halafu uichague printa yako mwenyewe.

Hili la asubuhi sasa, hapa wengi hawaamini nikiwaambia. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012, ukizima kompyuta kwa Shut down haizimi yote, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka, na hali mbovu ya draiva nayo inaweza kurudi nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Kwa hiyo kesho ikileta oflaini usiguse waya, restati kwanza. Ikikubali baada ya kurestati, mchawi ni huyo Fast startup. Fungua Control Panel, Power Options, bofya Choose what the power buttons do, yaani kitufe cha kuzimia kifanye nini, halafu ubofye ile sentensi ya kubadili setingi zilizofungwa, uondoe tiki kwenye Turn on fast startup. Laptopu itachelewa kidogo kuwaka, vumilia, ni bora kuliko mteja aende duka la pili.

SWALI: Kaka, printa yangu ya wino nikiwasha kompyuta inakoroma weee dakika nzima hata sijaprinti, na wino unaisha. Ujiji.

JIBU: Ndugu yangu, nakuuliza, jioni unaizima wapi? Kama ni kwenye swichi ya ukutani au kwenye ekstensheni pamoja na kompyuta, ndio hapo. Printa ya wino ukiizima kwa kitufe chake, kichwa kinarudi pembeni kinafunikwa kisikauke. Ukiikatia umeme ghafla kinabaki wazi, na ikiwaka inajisafisha kwa kufyonza wino mbichi na kuumwaga kwenye sponji iliyo chini ndani yake. Huo ndio mkoromo, na huo ndio wino wako. Izime kwa kitufe, subiri taa izimike kabisa, halafu ndio ukutani. Kwa umeme unaokatika hovyo weka UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo inaitosha printa ya wino. Mwalimu wa Ipuli hili lisikuhusu, ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo, inapopasha moto ile roli ya kugandishia wino inavuta umeme mwingi kwa mpigo na UPS itazidiwa. Yako ichomeke ukutani, UPS iachie kompyuta.