Kisigino, ngazi ya baraza na boksi la sipro

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimeulalia mguu vibaya. Nashuka kitandani, kisigino cha kulia kimekakamaa, natembea upandeupande nimeshika ukuta kama mlevi. Kufika jikoni kimelegea. Nikanywa chai, nikafunga raba, nikaenda kukimbia. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Mengine nitayataja kadiri yanavyonijia, maana wazee wenzangu tunaopishana alfajiri wananiuliza hadi leo miezi 7 yote nilipotelea wapi.

Nina miaka 63. Nilianza kukimbia nikiwa na 55, baada ya presha kunipigia hodi. Njia yangu ilikuwa kutoka Kirumba hadi mjini, nazunguka Capri Point, narudi. Jumamosi nikijisikia kijana, napandisha Bugando. Huu mji wetu wa Mwanza ni wa mawe, ukikimbia hapa umekimbia mlima hata kama hukupanga. Na mlima una kazi yake: ukipandisha, unyayo unakunjika kuelekea goti, na ile kamba nene iliyo nyuma ya kifundo, kano ya kisigino, inavutwa kila hatua. Ibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada uone ilivyo ngumu. Yangu, kama vidole vitatu juu ya kisigino, ilikuwa imeota kivimbe cha ukubwa wa punje ya haragwe, na nikikibonyeza machozi yananilengalenga.

Nilijitibu kama tunavyojitibu wote. Maji ya moto na chumvi. Dawa ya kupaka. Mzee mmoja wa mtaani akanichua kwa mafuta mpaka nikaomba msamaha kwa dhambi nisizozitenda. Mwisho nikapumzika kabisa, wiki 4, hata sokoni naenda kwa bajaji. Maumivu yakaisha. Siku niliyorudi barabarani, kabla ya kilomita ya pili yakanipokea palepale nilipoyaacha.

Zahanati moja ikataka kunichoma sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, hapohapo kwenye kivimbe. Nilishakunja suruali. Kilichoniokoa si hekima, ni bei. Nikaondoka, na mwanangu akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi.

Nilimkuta binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo baba. Panda kitandani, lala kifudifudi, miguu ining'inie nje." Akalikamua shavu la mguu, unyayo ukacheza. Akasema vizuri, haijakatika. Ingekuwa imekatika, unyayo ungetulia tu. Kisha akanisimamisha mguu mmoja, mikono ukutani, akaniambia niinue kisigino mara nyingi niwezavyo. Wa kushoto nilifika 17. Wa kulia, wa nne ukatetemeka na wa tano haukutoka.

"Umeona, baba? Umeupumzisha mpaka umesahau kazi."

Nikamweleza habari ya sindano. Akatikisa kichwa. Steroidi karibu na kano ile inaweza kuituliza kwa wiki chache huku inaidhoofisha, na kano dhaifu ndiyo inayokatika. Kisha akanieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya kukimbia sikulijua: kano haina damu nyingi kama msuli, kwa hiyo inajijenga taratibu sana, na umri unazidi kuichelewesha. Inajijenga kwa kubebeshwa uzito. Uzito uwe wa kipimo, na uongezwe polepole. Kuiacha bila kazi hakuijengi, na kuichua hakuijengi.

Zoezi lenyewe ni la aibu kwa urahisi wake. Nyumbani tuna ngazi tatu za baraza. Nasimama kwenye ya chini kwa nusu ya mbele ya nyayo, mkono ukutani. Najiinua kwa miguu yote miwili, nauhamishia uzito mguu mbovu peke yake, halafu nashusha kisigino taratibu, kwa hesabu ya tatu, mpaka kipite chini ya ukingo wa ngazi. Sijiinui kwa mguu mbovu. Najiinua tena kwa yote miwili. Mara 15, pumzika, mara 15, pumzika, mara 15. Halafu yote hayo tena nikiwa nimekunja goti kidogo, maana goti likikunjwa kazi inahamia kwenye msuli wa ndani wa shavu la mguu. Asubuhi na jioni. Kila siku. Wiki 12. Piga hesabu mwenyewe, ni mishusho 180 kwa siku.

Aliyeutangaza mpango huu ni daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, mwaka 1998. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe aliumwa kano hiyo, akataka apasuliwe, bosi wake akakataa. Basi akaamua kuitesa kwa mazoezi ya uzito ili ikatike na wasiwe na namna ila kumpasua. Haikukatika. Ikapona. Nilicheka sana niliposikia, ila wiki ya kwanza kicheko kiliisha, kwa sababu inauma.

Na hapa ndipo watu wengi wanapoachia, hivyo nikae hapa kidogo. Sisi tumelelewa kwamba kinachouma kiache. Binti yule alinipa kipimo: maumivu yahesabu kutoka 0 hadi 10. Ukifanya zoezi na maumivu hayazidi 5, endelea, mradi kesho asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani ziwe kama za jana au afadhali. Zikiwa mbaya zaidi, umepitiliza, punguza. Nikanunua daftari la mjukuu la mistari, kila asubuhi naandika namba moja kabla ya kwenda chooni. Kurasa za mwanzo ni 6, 6, 5, 6, 7, 5. Wiki ya tano ndipo 4 ya kwanza ilipotokea, na nilimwonyesha mke wangu kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

Zoezi likizoeleka unaongeza mzigo. Nilichukua begi la mgongoni la mjukuu, lina picha ya katuni, nikatia kilo 2 za mchele, baadaye 5, mwishowe 10. Majirani walishazoea kumwona mzee kavaa begi la watoto, anapanda na kushuka ngazi moja bila kwenda popote.

Tahadhari moja. Kama maumivu yako yako chini kabisa, pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya ngazi; fanya sakafuni. Ni ugonjwa wa jirani lakini si huohuo, ndiyo maana nasema mtu akupime kwanza. Na ukiwahi kusikia mlio nyuma ya mguu, kama mtu kakurushia jiwe, ukigeuka huoni mtu, hiyo si ya ngazi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya nane nilikosea tena. Namba zilikuwa 2, 1, 2, nikaota nimepona. Rafiki yangu mmoja akanikumbusha John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza amefungwa bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Mtanzania gani hapandwi na mori akisikia hiyo? Nikaenda kupandisha Capri Point. Kesho yake 7. Akhwari alikuwa na miaka 30 na amevaa jezi ya taifa. Mimi nilikuwa na miaka 62 na sikuwa nimetumwa na mtu.

Pumzi isipotee kabisa, nilitumia baiskeli, kiti kimeinuliwa kidogo. Ziwa tunalo mlangoni na kuogelea kusingeumiza kano, ila kichocho kiko majini na sikuona sababu ya kutibu mguu kwa kujitafutia ugonjwa wa tumbo.

Viatu pia binti yule alivikagua. Raba zangu ni za mtumba, za Mlango Mmoja, na sioni aibu; ila nilizoea kutazama juu tu. Ziweke mezani, zitazame kwa nyuma: kama kisigino cha kiatu kimeinama upande, kiatu hicho kimeshakula maisha yake kwa mtu mwingine. Kwa wiki za mwanzo alinishauri niinue kisigino ndani ya kiatu ili kano isivutwe sana. Nikakata kandambili kuukuu, vipande viwili vya kisigino, nikatia viatu vyote viwili, maana ukitia kimoja unajitafutia maumivu ya nyonga.

Kurudi kulikuwa hivi: kukimbia dakika 1, kutembea 2, mara 8, siku moja ndiyo siku mbili hapana. Barabara ya kwenda uwanja wa ndege, kwa sababu ni tambarare. Kila wiki naongeza kidogo ikiwa daftari linaruhusu. Ilinichukua miezi 3 kufika nusu saa mfululizo. Milima niliirudia mwisho kabisa, na naipanda kwa kutembea.

Ngazi sijaiacha, mara 3 kwa wiki.

Jambo la mwisho lilijitokeza kwa bahati. Siku ya tatu ya matibabu binti aliniuliza kama nilikuwa nimetumia dawa yoyote kabla ya kuumwa. Nikasema hapana, nilikuwa na taifodi tu, nilinunua dawa dukani. Dawa gani? Nyumbani boksi lilikuwa bado kabatini: ciprofloxacin, ile tunayoiita sipro na kuinunua kama pipi. Nilimaliza kuimeza siku 10 kabla ya ile asubuhi ya kushika ukuta. Akaniambia dawa za kundi hilo zinaweza kudhuru kano, hasa ya kisigino, hasa kwa waliopita miaka 60, na zaidi kwa anayetumia na steroidi. Marekani waliweka onyo zito kwenye maelezo ya dawa hizo tangu mwaka 2008. Nikakumbuka ile sindano, na suruali niliyokwisha kuikunja, nikanyamaza.

Kama ndiyo iliyoniumiza au ni milima, hakuna awezaye kuniapia. Na si kwamba uache dawa uliyoandikiwa. Kuna magonjwa inayoyatibu vizuri. Mwambie daktari umri wako na kwamba unakimbia, muulize kama ipo nyingine, na kano ikianza kuuma katikati ya dozi rudi kwake mara moja. Mimi nimeandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la daftari langu la kliniki: SIPRO, ULIZA KWANZA. Mwezi uliopita nilikwenda na homa, daktari akasoma jalada, akanitazama miguuni, akabadilisha karatasi.