Machapisho unayo, ila kwenye kikao nani anakutaja?

Mkuu umesema una machapisho sita, darasani unaingia kwa wakati, halafu ukuu wa idara kapewa jamaa mwenye pepa mbili, na unauliza kama kilichobaki ni kuwa chawa wa mtu. Hapana aisee. Ngoja nikupe yangu, mimi ni mhadhiri mwandamizi chuo kimoja cha umma hapa Bongo, na ningefika hapa mapema zaidi kama nisingekuwa na mdomo.

Nimetoka kumaliza PhD, kichwa kinachemka. Kikao cha idara cha kupitisha matokeo. Profesa mmoja, mzee wetu kabisa, kanifundisha tangu mwaka wa kwanza, anasoma alama za kozi yake na hazijumliki, kwenye Excel safu moja ilirukwa. Nikanyoosha mkono: "Profesa, hizi alama siyo sahihi, na semista iliyopita ilikuwa hivihivi." Kimya. Mtu akakohoa. Mzee akavua miwani, akaifuta na ncha ya tai, akasema "ahsante daktari." Alama zikarekebishwa, kuna madogo wakaponea sapu (mtihani wa marudio), mimi nikarudi ofisini kifua mbele.

Sasa hapa ndo watu hawaelewi, hakuna aliyenifanyia fitina. Ila mradi wa wafadhili ukaja, timu ikaundwa, simo. Wanafunzi wa PhD wakagawiwa, sikupata hata mmoja. Nikawa najiambia ni majungu tu, mpaka siku moja nimeenda kufuatilia faili langu la kupanda daraja, dada wa masjala ananiangalia kwa huruma hivi, "Doc, wanasema wewe ni mzuri ila mgumu." Neno moja tu hilo, mgumu, lilishapanda mpaka ndaki, ngazi ya juu ya idara, bila mimi kuwepo. Akaongeza, "siku ile si ungemfuata mzee ofisini asubuhi?"

Iliniuma maana ile karatasi ya matokeo nilikuwa nayo tangu juzi yake. Kosa nililiona usiku. Nikasubiri kikao, nikiwa nimeshapanga na sentensi kabisa.

Kuna watafiti Marekani, Ferris na wenzake, 2005 walitoa dodoso la maswali 18 la kupima ustadi wa siasa za kazini, wakaugawa mara nne: kusoma watu, kushawishi, kujenga mtandao, na kuonekana mkweli. Hiyo ya nne ndo ilinishika, angalia walivyosema *kuonekana*. Mimi nilikuwa mkweli, ila mle ndani walichokiona ni kijana anayetafuta sifa. Na chawa anaangukia hapohapo, anasifia mpaka anayesifiwa anajua kabisa kuna shida inakuja. Halafu chuoni siyo kama benki ambapo bosi anahamishwa tawi, ninyi mtaonana mpaka kustaafu, na faili lako kabla halijafika kwa mtahini wa nje linapita mikononi mwa haohao.

Nilikaa kama mwaka hivi ndo nikamfuata mzee. Sikumwomba msamaha kwa maneno, nilimpelekea rasimu ya pepa nikamwomba anisomee. Ikarudi na wino mwekundu kila ukurasa, mahali kaandika "hii aya inajisifu". Kuanzia hapo tukawa tunaongea.

Huyo jamaa wa pepa mbili, jiulize msiba ukitokea idarani nani anapitisha daftari la michango. Mwenzenu alipoenda kujifungua nani alimshikia kozi yake? Ukuu wa idara ni kazi ya watu, machapisho yako yatakupa uprofesa, hilo faili lingine. Sikatai kuna idara zimeoza, za ukabila, za mkubwa kutaka jina lake liwekwe kwenye pepa ambayo hakuandika hata sentensi. Hapo kuwa mgumu kwelikweli, na kila kitu kiwe kwa imeili, siyo mazungumzo ya korido.

Ila hiyo barua unayosema umeshaiandika kwenda kwa makamu mkuu wa chuo, nakala kwa idara nzima, iache kwenye laptop kwanza. Kesho mfuate hedi wako mpya, mpe hongera, muulize ratiba ya mitihani ameshapata mtu wa kuisimamia. Najua hajapata, hiyo kazi huwa haina anayeitaka.