Konveta ya kuvuta kwenye kamera ndogo: ushauri kwa wanaoanza kupiga picha Mbeya

Karibu kila kijana anayekuja kujifunza akiwa na kamera ndogo ya lenzi isiyobanduka hufika mahali akauliza: ninunue konveta ya kuvuta, yaani kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi ili kuvuta vitu karibu? Namuuliza kwanza anapiga nini. Kama ni watu, ndiyo, inunue. Kama ni ndege na wanyama, hela hiyo iweke, utaihitaji kwa kamera nyingine.

Nitasemea zaidi mfululizo wa Fujifilm X100, maana ndio niliouzoea na una konveta zake kutoka kiwandani. Lenzi yake ni ya milimita 23, na kwa hesabu za filamu ya zamani inaona upana sawa na wa lenzi ya milimita 35. Konveta ya kuvuta, TCL-X100, inazidisha mara 1.4 unafika 50. Basi. Nenda Kitulo kati ya Novemba na Aprili, maua yakiwa yamefunika uwanda, umwone tandawala, yule ndege mkubwa wa nyikani, akitembea kule mbali: alikuwa nukta, atabaki nukta. Kipunji wa msitu wa Rungwe, yule kima ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, hukaa juu mitini. Anataka lenzi ya milimita 300 au 400. Ukiinunua konveta kwa matumaini hayo utaichukia bure, na kosa si lake.

Kazi yake ni uso wa mtu. Ukiwa na 35 ukitaka kichwa na mabega vijaze fremu, unalazimika kusogea karibu sana, na hapo pua inakua, masikio yanarudi nyuma, paji la uso linavimba. Wateja hawalisemi kwa maneno ya kitaalamu, wanasema tu "hapa sijatoka vizuri". Ukifunga konveta, fremu ile ile uliyoipata ukiwa mita moja sasa unaipata ukiwa mita moja na nusu kasoro kidogo. Kinachorekebisha uso ni ule umbali. Kioo kinakuruhusu tu kurudi nyuma. Halafu kuna jambo ambalo mimi nalithamini kuliko hilo: mtu anapumua. Mama anayepanga viazi pale Uyole, ukishamwamkia na kumwomba ruhusa, hatulii kamera ikiwa puani kwake. Rudi hatua moja, zungumza naye, mikono itaendelea na kazi yenyewe. Kwenye kipaimara na send-off ni hivyo hivyo, hasa kwa wazee.

Kuhusu mwanga usiwe na hofu. Konveta zinazokaa nyuma ya lenzi, kwenye kamera za kubadilisha lenzi, hula mwanga: ya 1.4 inakuibia stopu moja, yaani nusu ya mwanga, ya 2 inakuibia mbili. Hii yetu inakaa mbele, kwa hiyo f/2, yaani upana wa tundu linalopitisha mwanga, inabaki f/2. Ila kwa picha za karibu mimi hulibana tundu hadi f/2.8 au f/4, picha inakaza vizuri zaidi. Na usiache kasi ya shata ishuke chini ya 1/125 ya sekunde unapopiga watu. Mkono unaotikisika unaonekana zaidi ukivuta. Ni X100VI ya mwaka 2024 tu, katika mfululizo huu, yenye kitulizaji cha mtikisiko ndani ya mwili.

Wengine wataniambia kamera za karibuni, kuanzia X100F, zinaweza kukata picha zenyewe hadi 50 bila kufunga kitu. Kweli, lakini huko ni kukata: nusu ya pikseli inakwenda. X100V ya megapikseli 26 inakuachia kama 13 za kweli, na inafanya hivyo kwenye JPEG, faili la picha ambalo kamera imeshalikamilisha, peke yake. Kwa picha ya WhatsApp hakuna neno. Kwa picha ya ukutani ya bibi na babu, natumia kioo.

Sasa kufunga, ambako vitu vingi huharibika. Ondoa kwanza ile pete ya mbele ya lenzi. Weka kamera mezani au mapajani ikitazama juu, shika konveta wima, uizungushe kinyumenyume taratibu mpaka usikie meno yakishuka na kukaa. Hapo ndipo uanze kukaza, kwa vidole viwili. Ikigoma nusu mzunguko usiilazimishe, ifungue uanze tena. Meno yakipandana mara moja, lenzi nzima inakuwa kazi ya fundi. Konveta ina gramu 180, kwa hiyo kamera ikining'inia shingoni itainamisha uso, ishike.

Ukishafunga, nenda kwenye menyu uiambie kamera kuna konveta. Toleo la pili, TCL-X100 II, hujitambulisha lenyewe kwenye X100F na zilizofuata. Toleo la kwanza halijitambulishi. Ukisahau kuiambia, kamera inanyoosha picha kwa vipimo vya lenzi tupu, na fremu ndani ya dirisha la kutazamia inakudanganya. Na ukiifungua, rudi uzime. Kwenye dirisha la kioo, lile unalotazamia moja kwa moja, utaona pia konveta imeziba kona ya chini kulia. Tumia dirisha la kielektroniki, linaloonyesha kile lenzi inachokiona. Flashi ya kwenye mwili iache, konveta inaitilia kivuli chini ya picha.

Hali ya hewa yetu ina lake. Kitulo iko kama mita 2,600 juu ya bahari, na ukishuka kutoka Matamba kwa zile kona 57 hadi Chimala unaingia kwenye joto la Usangu ndani ya muda mfupi. Vioo bado ni vya baridi, hewa ni ya joto, umande unashika. Ukishika kati ya lenzi na konveta, kitambaa hakifiki huko. Kabla ya kuteremka, huko huko juu kwenye hewa ya baridi, tenganisha viwili hivi, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni uliofungwa, na usifungue mpaka mfuko usiwe wa baridi tena mkononi.

Ukinunua iliyotumika, hasa kutoka Tukuyu na sehemu nyingine za mvua nyingi, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo lisikutishe. Nyuzi nyuzi nyeupe zinazotawanyika kama mizizi ni kuvu. Hiyo mrudishie mwenyewe, hata kama bei ni nzuri.