Kisu chenye pete mgongoni

SWALI: Shikamoo mzee. Babu ameniachia kisu cha kukunja chenye pete mgongoni, mpini wa mbao umepambwa miezi na nyota. Asili yake wapi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hicho ni Okapi, na umepata urithi hasa! Kilianza kutengenezwa mwaka 1902 huko Solingen, mji wa wahunzi wa visu Ujerumani, ili kiuzwe kwenye makoloni ya Afrika. Wakati huo pwani yetu ya Lindi na Mikindani ilikuwa chini ya Mjerumani. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ndugu wa twiga. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, kwa hiyo soma maandishi kwenye bapa: ukiona Solingen, ni cha zamani.

Kifungue polepole usikie tra-tra-tra. Hayo ni meno ya kitako cha bapa yakinasa kwenye springi ya mgongoni. Kukifunga, vuta pete kwanza, springi inyanyuke. Usilazimishe.

Bapa la chuma cha kaboni halipatani na maji chumvi. Ukishakata pweza, lioshe, likaushe, lipake mafuta ya nazi. Na mashine ya kunolea ya umeme usiikaribie, jiwe linatosha.