Spea za kujitengenezea: maswali yenu wiki hii

Gasketi ya kifuniko cha valvu imechanika na mpya haipatikani. Nikate mwenyewe?

Kata. Ndiyo spea nzuri ya kuanzia. Tafuta karatasi ya gasketi yenye unene ule ule, ilaze juu ya kifuniko na ugonge kingo taratibu kwa nyundo hadi alama itokee. Toboa matundu ya bolti kwanza, umbo baadaye. Ile kuukuu usiikwangue ikiwa kavu: nyingi za zamani zina asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kitufe cha dashibodi nilichochapisha kwa printa ya 3D kimepinda juani. Kwa nini?

Bila shaka ulitumia PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D. Hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na dashibodi ya gari lililofungwa juani hufika huko bila taabu. Chapisha upya kwa ASA, plastiki inayostahimili joto zaidi.

Nataka kusubu upya (kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu) kifuniko cha pampu ya maji cha alumini, nikitumia cha zamani kama kielelezo. Kitafaa?

Ukikitumia kilivyo, utapata kifuniko kidogo. Alumini ikipoa hunywea kwa takriban asilimia 1.3, yaani zaidi ya milimita moja katika kila milimita 100, na hapo matundu ya bolti hayakutani tena. Basi ziba matundu yote kwenye kielelezo, uje utoboe baada ya kusubu. Palipolika na kutu jaza pati mpaka umbo la awali lirudi, na kwenye uso unaokaa gasketi ongeza milimita 2 au 3 za kusawazishwa kwa mashine. Watu huongeza kidogo mno hapa, kisha wanajuta wakati wa kuchonga. Na chungu, kijiko na vipande unavyoongeza viwe vikavu kabisa: maji yakinaswa chini ya alumini iliyoyeyuka, italipuka.

Gari langu ni Morris ya miaka ya 1930. Nati za inchi hazikubali, ilhali spana za inchi zinaingia!

Hujakosea kupima. Injini nyingi za Morris za enzi hizo zina hesi (mikato ya skrubu) za milimita zenye vichwa vya Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha inchi: ni urithi wa kiwanda cha Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa, ambacho Morris alikinunua mwaka 1923. Usilazimishe nati; peleka bolti moja kwa mkerezaji apime hesi.

Je, naweza kukereza mkono wa usukani?

Hapana, wala spea za breki. Mkono ule hufuliwa kiwandani, yaani chuma hugongwa kikiwa moto, ndipo ukapata ugumu wake. Wako ukikatika, utakatika gari likiwa kwenye mwendo. Tafuta uliotumika ambao haujapinda, na uupime nyufa kabla ya kuufunga.