Kutembeza watu 12 kwenye mto wa mawe

Ndugu, kwa kundi la watu 12 linalotaka kufuata mto wenye mawe na kurudi mjini siku hiyo hiyo, anzeni na msitu wa Oloolua, mtaani Karen, Nairobi, kando ya Mto Mbagathi. Kuna njia, pango na maporomoko.

Msipige hesabu ya mwendo wa barabarani. Kwenye mawe kundi hilo huenda kama kilomita 1 kwa saa, maana kila penye ugumu mnapita mmoja mmoja na wengine wanangoja. Mbele awekwe anayekwenda polepole. Wenye haraka watanung'unika, waache. Nyuma kabisa akae mzoefu mwenye vifaa vya huduma ya kwanza.

Viatu ndivyo huharibu safari. Raba iliyolika soli huteleza kwenye jiwe lenye utelezi wa kijani. Gambuti nazo zikiingia maji ni mzigo. Kanyageni katikati ya jiwe, si ukingoni, mkilijaribu kwanza kabla ya kuliegemea. Kuruka marufuku: hapo ndipo vifundo huteguka.

Maji ya kunywa, lita 2 kila mtu. Ya mto msinywe, hata yaking'aa.

Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, mto unaweza kufurika kwa mvua iliyonyesha mbali huku kwenu jua linawaka. Maji yakigeuka rangi ya udongo ghafla, au yakianza kubeba vijiti na majani, pandeni juu wote papo hapo. Mabegi yaacheni.