Muulize Fundi: Nunua mapaja, usinunue kiuno

Swali. Habari yako, Fundi. Sisi wanawake wanane wa chama kimoja hapa Umoja tumekubaliana kwamba pesa za mwaka huu hazinunui masufuria. Zinatupeleka Mlima Kenya mwezi wa Februari, siku tano: tunapandia Sirimon, tunashukia Chogoria. Mimi nina jinzi mbili na suti moja ya michezo ya poliesta. Katika duka moja la vifaa vya kambi niliambiwa ninahitaji suruali tatu, na ya bei nafuu kabisa ilipita shilingi elfu sita. Isitoshe, mapaja yangu ni manene na kiuno chembamba, kwa hiyo ikinitosha huku inapwaya kule. Ninunue nini, na ngapi?
*Mwanachama, Umoja*

Jibu. Hongereni kwa kuyasamehe masufuria. Dada, hizo jinzi ziache nyumbani, zote mbili.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Safari yangu ya kwanza nilipandia Naro Moru nikiwa na jinzi nzito niliyoishona mwenyewe, uzi wa manjano, mishono miwili miwili, nikijiona fundi kweli. Ukitoka kituo cha Met Station na kuumaliza msitu, kuna kinamasi kilichoinama kama paa la nyumba. Mguu unazama, unauchomoa, mwingine unazama. Nilipofika kambini, mita 4,200 hivi, nilikuwa nimebeba mto mzima mapajani. Nikaianika juu ya jiwe. Alfajiri niliikuta imesimama dede, ngumu kama ubao, na sikuwa na nyingine. Jinsi nilivyoivaa tuyaache hayo.

Kosa halikuwa la mishono, lilikuwa la uzi. Pamba hunywa maji mpaka ndani ya nyuzi zake. Hata ikikaa tu kabatini, gramu 100 za pamba kavu hufyonza gramu 8 hivi za unyevu wa hewani. Nailoni hufyonza kama 4, poliesta haifikishi hata 1. Sasa hesabu wewe itakuwaje mvua ikiipiga. Februari ni kiangazi mlimani na upande wa Sirimon hauna matope kama ule wa Naro Moru, lakini usidanganyike: umande wa asubuhi kwenye nyasi za kule juu unakulowesha mpaka magotini kabla jua halijatoka.

Kwa hiyo soma lebo. Tafuta nailoni au poliesta, na elastani kidogo, asilimia 4 au 5, ili kitambaa kivutike. Nailoni huvumilia kusuguana na mawe, poliesta hukauka upesi zaidi. Mimi ni mtu wa nailoni. Lebo ikiwa imekatwa, mwombe muuzaji uzi mmoja kutoka ndani ya upindo, uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu nchani. Ila toka nje ya kibanda kwanza. Soko la Gikomba limeshaungua mara za kutosha.

Ndiyo, nakutuma mitumbani. Suruali za kupandia milima walizozichoka watu wa Ulaya huishia Gikomba na Toi, nyingi katika rundo la wanaume, na huko ndiko nikutakako. Za kike mara nyingi mifuko yake ni ya urembo tu, haiingii hata leso. Ukienda beli linapofunguliwa utapata kamera, zile za kuchaguliwa kwanza, na utazilipia. Ukingoja fagia, yale mabaki ya mwisho, utainama sana lakini utanunua kwa bei ya chapati na maharagwe. Ninayoivaa mimi sasa niliitoa Toi kwa shilingi 450, ya kijivu, goti moja limekwaruzwa. Mkwaruzo ule haujawahi kunizuia kufika popote.

Sasa habari ya umbo lako, ambalo ndilo umbo la wateja wangu wengi. Nunua mapaja, usinunue kiuno. Kiuno fundi yeyote wa mtaani atakipunguza kwa kufumua mshono wa nyuma wa katikati. Sentimita 5 zinatoka bila shida. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inakaribiana mpaka inaonekana kama inanong'onezana. Mapaja hayaongezeki, kwa sababu ndani ya mshono hakuna kitambaa kilichobakizwa. Mwambie fundi atumie uzi wa poliesta na sindano nyembamba mpya, na pasi iwe ya moto mdogo. Nailoni ikiungua haina dawa.

Ukiwa bado kibandani, ivae juu ya taiti na uinue goti mpaka usawa wa kitovu. Kisha chuchumaa kabisa, kama uko chooni kambini, maana utakuwa huko. Kitambaa kikikuvuta nyuma ya goti au kiuno kikishuka, irudishe. Halafu igeuze ndani nje utazame msamba. Suruali ya kawaida mishono yake minne inakutana pale mahali pamoja, na hapo ndipo hupasukia, tena kwa sauti. Iliyoshonwa kwa safari huwa na kipande cha ziada chenye umbo la almasi, ambacho huigawa nguvu ya hatua ndefu. Suruali yenye kipande hicho mimi huinunua hata rangi yake ikiwa ya kuchukiza. Pitisha na kidole kwenye mshono wa ndani wa paja: ukiwa umesimama kama kamba, siku ya pili utatembea kama bata. Uwe bapa.

Jambo ambalo wauza duka hawalitaji ni mkanda wa shanta. Utafungwa juu ya nyonga zako saa sita kwa siku, na kila kilicho chini yake kitakutafuna: bizimu kubwa ya mkanda wa suruali, kifungo cha mfuko wa nyuma, mikunjo ya kiuno kinachopwaya. Ndiyo maana nimesisitiza kipunguzwe. Ukiweza, tumia lastiki au kamba ya ndani badala ya mkanda wa ngozi.

Ngapi? Mbili zinatosha. Moja ya kutembelea. Ya pili ni hiyo suti yako ya michezo, ambayo kazi yake ni kulala tu. Haitoki hemani, haionjeshwi umande, hata mtu akikuita nje uone nyota. Asubuhi unairudisha kwenye mfuko wa plastiki na kuvaa ile ya jana, iwe na matope au isiwe nayo. Pesa inayobaki nunua taiti nzito ya kuvaa ndani na suruali nyepesi ya mvua ya kuvaa juu. Usiku wa kwenda Point Lenana, mita 4,985, mtaondoka kambi ya Shipton's saa tisa hivi za usiku. Huko juu kuna baridi kuliko Nairobi kwa digrii 20 na ushei, kabla ya kuhesabu upepo. Nguo tatu nyembamba zilizopandana zinaishinda nzito moja kwa joto, tena unaweza kuvua moja jua likichomoza.

Kabla ya yote, panda Ngong siku moja na hiyo suruali, shanta mgongoni likiwa na mzigo, mpaka Kona Baridi. Jioni ifue, ikamue, itundike ndani. Kama asubuhi bado ina unyevu kiunoni, rudi Toi.

Swali. Fundi, hizi suruali zenye zipu magotini, unazikata zinakuwa kaptula, zinafaa? Nimeziona ninazitamani.
*Kijana wa Rongai*

Jibu. Zitamani tu, ndugu yangu. Nilikuwa nayo moja. Vumbi la Longonot, ambalo ni laini kama unga wa ugali, liliingia kwenye meno ya zipu na mguu mmoja ukagoma kutoka. Nikamaliza kuizunguka kreta nikiwa kaptula upande mmoja. Ukishainunua, paka meno ya zipu nta ya mshumaa kabla ya kila safari. Lakini iliyo nzima, unayoweza kuipandisha mpaka kwenye vigimbi vya miguu na kuifunga kwa kifungo, inatosha joto la Naivasha na inakukinga na miiba.

Swali. Nimepata kombati ya mabaka ya kijeshi, imara sana, shilingi 600. Nina safari ya Aberdare. Kuna ubaya?
*Msomaji, Kayole*

Jibu. Upo. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa mavazi ya mabaka ya jeshi, na utakayekutana naye getini ni askari wa wanyamapori. Kwanza hizo nyingi zina pamba nusu, na Aberdare hunyesha hata siku ambazo Nairobi ni jua kali. Na tafadhali usiniletee niitie rangi nyeusi. Nimeshajaribu kwa mteja mmoja: mabaka yalififia, lakini juani yalionekana yote.